Hesabu za Neema: Historia ya Shajara ya Kila Siku Nchini Uingereza na New England

Desturi ya kuandika kila siku mambo madogo ambayo mtu ameyaona na kuyashukuru hufundishwa leo kama tiba ya nafsi, na madukani huuzwa madaftari yenye mistari mitatu au mitano ya kujaza neema za siku, lakini umri wake ni mkubwa kuliko elimu ya saikolojia yenyewe. Sehemu kubwa ya historia yake ilipita katika vijiji vya Uingereza na katika miji midogo ya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kati ya karne ya 16 na karne ya 19. Wengi wa walioijenga hawakuketi kuandika kwa nia ya kutafuta furaha. Wa kwanza walihesabu dhambi zao, waliowafuata walihesabu mvua, ndege na maua, na shukrani ilikuja ikifuatana na hesabu hiyo, mara nyingi bila kutajwa kwa jina lake.

Shajara, yaani kitabu ambacho mtu huandika mambo yake siku baada ya siku chini ya tarehe zake, haikuzaliwa Uingereza. Baghdad ya karne ya 11 iliijua: mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali, Ibn al-Banna, aliacha kwa mkono wake kumbukumbu za miaka ya 1068 na 1069, zenye matukio ya mji, vifo vya watu na ndoto. Kabla yake, katika mji huohuo, al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki mwaka 857, alipata lakabu yake kutokana na muhasaba, yaani ibada ya mtu kujihesabia mwenyewe matendo yake kabla ya kuhesabiwa na Mola wake, ibada ambayo Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaifahamu hadi leo. Fikra kwamba siku ya mwanadamu inastahili kufungwa kwa hesabu ni ya watu wengi, ila kule Uingereza fikra hiyo ilikutana na karatasi iliyozidi kupatikana, na watu wa kawaida waliojua kusoma na kuandika, na madhehebu moja iliyoihitaji mno.

Madhehebu hiyo ilikuwa ya Wapuritani, Waprotestanti waliotaka kulisafisha Kanisa la Uingereza na kila walichokiona kuwa mabaki ya ibada ya Kikatoliki. Mageuzi ya dini yalikuwa yameondoa kitubio cha lazima mbele ya padri, na wakati huohuo mafundisho ya mwanatheolojia Calvin yalisisitiza kwamba Mungu amekwisha kuwachagua watakaookoka, hivyo muumini alibaki peke yake na swali zito la kama yeye ni miongoni mwa wateule, asiwe na pa kulipeleka isipokuwa ndani ya dhamiri yake. Daftari likachukua nafasi ya padri. Katika miaka ya 1580 na 1590, Richard Rogers, mhubiri wa Wethersfield katika wilaya ya Essex, na Samuel Ward, aliyekuwa bado kijana wa chuo huko Cambridge, waliandika shajara ambazo zimesalia, na zinazosomeka kama mashtaka ya mtu dhidi ya nafsi yake. Ward alijilaumu hata kwa kula matunda kupita kiasi. Kurasa hizo zina shukrani chache sana, lakini ndizo zilizojenga nidhamu ya kutolala kabla ya kuipitia siku nzima kwa kalamu, na bila nidhamu hiyo yaliyofuata yasingewezekana.

Mabadiliko yalijitokeza wazi mwaka 1656, pale John Beadle, kasisi wa parokia ya Barnston, naye wa Essex, alipochapisha London kitabu juu ya shajara ya Mkristo mwenye shukrani. Hoja yake ilikuwa kwamba muumini anapaswa kuandika rehema alizotendewa kwa uangalifu uleule anaotumia kuandika makosa yake, kwa kuwa rehema husahaulika haraka kuliko makosa. Utangulizi wa kitabu hicho ulikumbusha kwamba mwenye duka ana daftari lake, mfanyabiashara mkubwa ana vitabu vyake vya hesabu, mwanasheria ana kumbukumbu za kesi na tabibu ana kumbukumbu za majaribio yake, ikawa ni aibu kwa Mkristo kukosa daftari la yale aliyopokea kutoka mbinguni. Waswahili wenye biashara wangeielewa hoja hiyo papo hapo, kwani wao husema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa Beadle neema ilikuwa mali ya namna hiyo.

Mfano bora wa jinsi mafundisho hayo yalivyotendwa ni Ralph Josselin, kasisi wa Earls Colne katika wilaya hiyohiyo, ambaye shajara yake inafika hadi mwaka 1683, ikipita katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuuawa kwa mfalme Charles wa Kwanza na kurudi kwa utawala wa kifalme. Josselin alikuwa mkulima pia, kwa hiyo mavuno, mvua na magonjwa ya watoto wake vimeandikwa sambamba na mahubiri. Mnamo Septemba 1644 aliumwa na nyuki puani; akautoa mwiba mara moja, akapaka asali, uso usivimbe, na jioni akaliandika tukio hilo kama ushahidi kwamba riziki na ulinzi wa Mungu hufika hata kwenye mambo ya chini kabisa. Msomaji wa leo anaweza kuliona jambo hilo kuwa dogo mno, lakini katika historia ya desturi hii ni kubwa. Hapa mwandishi amekubali kwamba hakuna tukio dogo lisilostahili wino, na akishakubali hivyo hulazimika kuyatazama matukio madogo, jambo ambalo mwenye kuandika dhambi peke yake hahitaji kulifanya.

Samuel Pepys, karani wa jeshi la majini huko London, anajulikana kuliko hawa wote, ingawa katika habari hii nafasi yake ni ndogo. Aliandika kwa hatimkato, yaani maandishi ya alama fupi, kuanzia tarehe 1 Januari 1660 hadi tarehe 31 Mei 1669, alipoacha kwa hofu ya kupofuka. Alichokiacha kwa upande wa shukrani ni kumbukumbu ya tarehe 26 Machi, siku ambayo mwaka 1658 alipasuliwa na kutolewa jiwe katika kibofu, upasuaji ambao wakati huo uliua wengi, na ambayo alikusudia kuiadhimisha kila mwaka kwa karamu. Kwa Pepys shukrani ilikuwa na tarehe na sababu, na mwili uliopona ulikuwa ushahidi wake.

Karne ya 18 ilileta daftari la namna nyingine. Gilbert White, aliyezaliwa mwaka 1720 katika kijiji cha Selborne, Hampshire, na kufia hapohapo mwaka 1793, alikuwa kasisi msaidizi asiye na cheo kikubwa ambaye tangu mwaka 1751 aliandika kalenda ya bustani yake, akionyesha siku alizopanda, kilichoota na kilichoharibiwa na baridi. Kuanzia Januari 1768 alihamia kwenye kitabu maalumu kilichobuniwa na mwanasheria Daines Barrington, chenye kurasa zilizochapwa safu: safu ya kipimajoto, ya baromita ambayo hupima mgandamizo wa hewa, ya upepo, ya mvua, ya miti inayochipua, ya maua yanayofunguka, ya ndege na wadudu wanaotokea au kutoweka, na ya mambo mengineyo. White alizijaza safu hizo kwa miaka 25, hadi siku za mwisho wa maisha yake mwezi Juni 1793.

Safu tupu ina nguvu yake, na pengine hapa ndipo penye kiini cha historia yote hii. Muumini wa Kipuritani aliweza kuandika usiku kwamba Mungu ni mwema bila kuwa ametoka nje mchana, ilhali safu ya ndege haijazwi na mtu aliyekaa ndani. Inamtaka aende, asikilize, arudi na jambo la kweli la siku hiyo. Kwa kutazama namna hiyo White aligundua kwamba ndege wadogo waliodhaniwa kuwa wa aina moja au mbili walikuwa wa aina tatu, akiwatenganisha hasa kwa nyimbo zao, kwa sababu manyoya yao yanafanana sana. Aliwatetea nyungunyungu, waliodharauliwa na wakulima, akieleza jinsi wanavyoutoboa na kuulainisha udongo hadi maji na mizizi ipite, na akasema kwamba dunia bila wao ingepooza. Katika kiangazi cha mwaka 1783 aliandika juu ya ukungu mkavu na jua lililogeuka rangi, asijue kwamba chanzo chake ni mlipuko wa volkano ya Laki huko Iceland. Alikosea pia: hadi uzeeni hakuweza kuiacha dhana kwamba baadhi ya mbayuwayu hulala mafichoni wakati wote wa baridi badala ya kuhamia nchi za mbali, na mwaka baada ya mwaka alipekua mapaa na vichaka akiwatafuta. Kosa hilo halimpunguzii kitu, kwa kuwa lilitokana na kuwapenda ndege hao mno hata asitake kuamini kwamba wamekwenda.

Mwaka 1780, baada ya kifo cha shangazi yake, White alirithi kobe mzee aitwaye Timothy, akamchukua kwa gari la farasi kutoka Ringmer, Sussex, hadi Selborne, na tangu siku hiyo kobe huyo akawa na habari zake katika shajara: siku aliyojifukia ardhini, siku aliyoibuka, chakula alichokikataa na mvua aliyoikimbia. Gamba la mnyama huyo, ambalo uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa ni la jike, limehifadhiwa katika makumbusho ya historia ya viumbe London. Kitabu cha White kuhusu Selborne, kilichotungwa kwa barua zake na kubeba mwaka 1789 kama mwaka wa uchapishaji, hakijakosa wachapishaji tangu wakati huo. Ndani yake neno shukrani si la kawaida, hata hivyo ni vigumu kutaja kitabu kingine cha karne hiyo ambacho mwandishi wake anaonekana kuridhika zaidi na mahali alipowekwa.

Upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, huko Hallowell katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Maine, mkunga Martha Ballard aliandika kuanzia mwaka 1785 hadi mwaka 1812, mwaka wa kifo chake, akiorodhesha uzazi 816 aliouhudumia, mito aliyovuka ikiwa imeganda, vitambaa vilivyofumwa na mboga zilizoota. Kwa muda mrefu wanahistoria waliipita shajara hiyo wakidai imejaa mambo yasiyo na maana, mpaka mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich alipoifanyia kitabu mwaka 1990 na kuonyesha kwamba mambo hayo madogo ndiyo yaliyokuwa maisha ya jamii nzima. Dharau ile ya mwanzo haikuwa ya haki, na ilizikumba hasa shajara za wanawake.

Dorothy Wordsworth aliipata sehemu yake ya dharau hiyo. Alizaliwa tarehe 25 Desemba 1771 huko Cockermouth, Uingereza, akafiwa na mama akiwa na umri wa miaka sita, akapelekwa kwa jamaa na kutenganishwa na ndugu zake kwa miaka mingi, hivyo nyumba ndogo ya kijiji cha Grasmere ambamo yeye na kaka yake, mshairi William, waliingia Desemba 1799 ilikuwa kwake zaidi ya makazi. Tarehe 14 Mei 1800 William na mdogo wao John waliondoka kwenda Yorkshire, na Dorothy, baada ya kulia kando ya ziwa, akaazimia kuandika shajara mpaka watakaporudi, ili asigombane na nafsi yake na ili William apate furaha ya kuisoma. Azimio la majuma machache likaendelea hadi Januari 1803, na madaftari manne yamesalia.

Katika madaftari hayo hakuna mpangilio wa mambo makubwa na madogo, na kutokuwepo kwa mpangilio huo ndiko kunakoyapa thamani. Mkate uliookwa, njegere zilizochumwa, mashati yaliyoshonwa, kichwa kilichouma, mwezi juu ya mlima na ombaomba mlangoni vinafuatana katika aya moja kwa uzito uleule. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, bei ya vyakula ilikuwa juu, na barabara ya Grasmere ilipitiwa na wanajeshi na mabaharia walioachishwa kazi, wajane na watoto wasio na kwao. Dorothy aliandika nguo zao, maneno yao na kiasi cha fedha au mkate aliowapa. Mshangao wake mbele ya uzuri haukumfanya afumbe macho mbele ya njaa, na hilo linapaswa kusemwa wazi, kwa kuwa kuna watu wanaodhani kwamba kushukuru ni kujifanya huoni.

Tarehe 15 Aprili 1802, siku ya upepo mkali, yeye na William walipita kando ya ziwa Ullswater, wakaona maua machache ya manjano yaitwayo dafodili karibu na maji, na kadiri walivyoendelea wakaona mengine mengi zaidi, mpaka ukanda mrefu ukaonekana kando ya ufuo. Dorothy alieleza jinsi baadhi yalivyoegemea mawe kama yaliyochoka na mengine yalivyochezeshwa na upepo. William alitunga shairi lake juu ya maua hayo mwaka 1804 na kulichapisha mwaka 1807, na ndani yake msemaji anatembea peke yake, ilhali siku ile walikuwa wawili na aliyeandika kwanza ni dada. Dorothy hakulalamika, aliwahi kueleza katika barua kwamba angechukia kujitangaza kuwa mwandishi. Shajara za Grasmere zilianza kuchapishwa kwa mapana mwaka 1897, miaka 42 baada ya kifo chake, na hata hivyo zikiwa zimekatwakatwa, kwani mhariri aliona habari nyingi za nyumbani hazifai kusomwa na umma.

Aliyeifikisha desturi hii mbali kuliko wote ni Henry David Thoreau wa Concord, Massachusetts. Tarehe 22 Oktoba 1837, akiwa na umri wa miaka 20 na ametoka tu kuhitimu Harvard, alianza daftari lake kwa kuandika swali aliloulizwa kama ana shajara, swali ambalo wanahistoria wengi huamini lilitoka kwa jirani yake, mwanafalsafa Ralph Waldo Emerson. Alipoandika mara ya mwisho, tarehe 3 Novemba 1861, kazi ilikuwa imefika maneno yapatayo milioni mbili, ambayo yalichapishwa mwaka 1906 katika juzuu 14. Riziki yake ilitokana na kupima ardhi na kusaidia kiwanda cha baba yake cha penseli. Saa za mchana alitembea mashambani na misituni akinukuu kwa penseli, na baadaye, mara nyingi asubuhi iliyofuata, akayageuza manukuu hayo kuwa maandishi kamili. Kwa miaka ya mwanzo aliyakata madaftari yake ili kupata malighafi ya makala na mihadhara, lakini tangu Novemba 1850 aliacha kurasa zikae nzima, kila siku na tarehe yake, kana kwamba alikuwa ametambua kwamba shajara yenyewe ndiyo kazi yake kubwa.

Ni kosa kumchora Thoreau kama mtu aliyeshukuru kwa sababu maisha yalimwendea vyema. Januari 1842 kaka yake John alijikata kidogo kwa wembe, akapata pepopunda, akafariki mikononi mwake, na shajara ikanyamaza kwa majuma kadhaa. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1849, hakikununuliwa, na yeye mwenyewe akalazimika kuchukua nyumbani nakala zaidi ya 700 zilizobaki. Kifua kikuu kilimwandama na kumuua mwaka 1862, akiwa na umri wa miaka 44. Kilichomrudisha kwenye ukurasa kila siku kilikuwa imani kwamba siku hiyo, mahali hapo, palikuwa na jambo ambalo lisipoandikwa na yeye halitaandikwa na yeyote. Ukurasa wake wa mwisho ni ushahidi: baada ya dhoruba ya usiku aliona kwamba kokoto za njia ya reli zimeachiwa alama ndogondogo na matone ya mvua, ambazo kwazo mtu angeweza kutambua mvua ilikuwa ikitoka upande gani, akaongeza kuwa alama hizo ziko wazi kwa mwenye kutazama ilhali wengi wangepita bila kuziona. Mwandishi huyo alikuwa amebakiza miezi sita ya kuishi.

Orodha zake za siku ambazo maua ya Concord yalifunguka, hasa za miaka ya 1850, zilikuja kutumika kwa namna ambayo hangeiwaza. Mwanabiolojia Richard Primack wa Chuo Kikuu cha Boston na wenzake walizilinganisha na maua ya mahali hapohapo mwanzoni mwa karne ya 21, wakakuta kwamba mimea kwa wastani inachanua takriban wiki moja au zaidi mapema kuliko wakati wa Thoreau, kwa sababu ya kuongezeka kwa joto. Uangalifu wa mtu mmoja, ulioandikwa kwa tarehe sahihi, ukawa ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi.

Saikolojia iliingia katika uwanja huu ikiwa imechelewa. Mwaka 2003 wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti uliokuja kunukuliwa sana: wanafunzi waligawanywa katika makundi, wengine wakaandika kila wiki kwa majuma 10 mambo matano ya kushukuru, wengine kero tano, wengine matukio tu, na walioandika mambo ya kushukuru walieleza kuridhika zaidi na maisha yao. Tafiti zilizofuata, zilipochambuliwa kwa pamoja, zilionyesha kwamba athari hiyo ipo lakini ni ndogo. Historia iliyosimuliwa hapa inatoa sababu moja inayoweza kueleza udogo huo. Anayeandika kila usiku kwamba anashukuru kwa familia, afya na kazi ameandika kweli, lakini ameandika maneno ambayo angeweza kuyaandika jana, kesho au bila kutoka kitandani, na hivyo amewarudia Wapuritani wa mwanzo bila kuwa na hofu yao. White, Dorothy Wordsworth na Thoreau walitakiwa na kurasa zao kutoa jambo la siku hiyo pekee, na jambo hilo halikupatikana bila kutazama.

Madaftari ya shukrani yanayouzwa sasa yangekuwa bora yakipewa safu mbili zaidi, moja ya mahali na nyingine ya kilichoonekana kwa macho au kusikika kwa masikio. Walimu wanaowapa wanafunzi zoezi la kuandika kila siku, na wazazi wanaotaka watoto wao wajifunze kushukuru, waanze na safu hizo mbili pamoja na tarehe, na wasiwadai watoto neno la shukrani.